Unayemtafuta ni mtu, si jengo

(Mhadhara kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, Temeke, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana, ndugu zangu.

Mwenyekiti amenikaribisha bila kunitaja jina, na mimi ndiye niliyemwomba. Niiteni mama lishe wa Tandika, maana tupo wengi. Nilikunywa pombe miaka 14. Leo ni mwaka wa 6 sijaonja.

Nilianza na viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Kiroba kilikaa kwenye pindo la kanga, pale pale mwanamke anapofungia nauli, na hakuna aliyeuliza. Serikali ilipovipiga marufuku, tarehe 1 Machi 2017, majirani walishangilia. Nami nilishangilia nao, jioni nikahamia kwenye gongo.

Hapa naomba mnisikilize kuliko popote. Siku niliyoamua kuacha, niliacha ghafla, kwa kiapo, peke yangu. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka hata mwiko ukanishinda. Siku ya pili nikaanguka kifafa mbele ya wateja. Watu wakasema mashetani, nipelekwe kwa mganga. Hayakuwa mashetani. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, ubongo huchachamaa. Kutetemeka huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, kifafa huja mara nyingi ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, hata akafa. Kwa hiyo anayezimua kila asubuhi, yaani anayekunywa tena ili atulie, msimfungie chumbani ili aache. Mpelekeni hospitali, kuna dawa za kumvusha salama. Temeke ipo, Amana ipo, Mwananyamala ipo, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Jina la idara lisiwatishe. Mimi nimeketi kwenye benchi lile, na hakuna aliyenicheka.

Huko hospitali muuguzi mmoja aliniambia, "Dada, dawa itaondoa kutetemeka, lakini kiu itakufuata mpaka nyumbani. Tafuta wenzako." Akanitajia Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, ambayo sisi tunaiita AA tu. Hakuna kiingilio. Hakuna daftari la majina. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Kinapitishwa kikapu cha kuchangia kodi ya chumba na chai, na asiye nacho hatoi.

Nikaenda kutafuta. Mikutano hii haina bango, na haina kwa ajili yako, ili jirani asijue unaingia wapi. Nilielekezwa kwenye uwanja wa kanisa. Mlinzi akasema, "Hao walishahama, mama." Nikarudi nyumbani, nikanywa. Siwafichi. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimetafuta jengo. Mara ya pili niliomba namba ya simu ya mtu. Nikampigia, nikauliza siku, saa, na lugha wanayozungumza, maana mikutano mingine huendeshwa kwa Kiingereza na changu ni cha sokoni. Akaniuliza, "Unashukia kituo gani? Nitakusubiri hapo." Nawaambia, bila mtu yule kituoni ningegeuza na daladala iliyonileta.

Ndani walikuwa watu tisa. Mzee mmoja, mtu wa heshima, akaeleza jinsi alivyokuwa akificha chupa kwenye tangi la maji. Nikalia. Kwa miaka yote nilijua ni mimi peke yangu duniani ninayeficha.

Na AA yenyewe ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, Marekani. Biashara imemharibikia, baa iko hatua chache, na ana miezi michache tu tangu aache. Akashika simu, akaanza kupigia watu asiowajua, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wawili tu. Kwa hiyo wa Mbagala au Chanika msiseme kwenu hakuna kikundi. Utaratibu wao unasema hata wawili watatu wakikutana kwa nia ya kuacha wanaweza kujiita kikundi. Asiye na nauli ajue pia kuna mikutano kwa intaneti, ila bando iandaliwe kabla.

Wapo wanaosema hayo ni maongezi tu. Mwaka 2020 watafiti walichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba watu walioelekezwa AA kwa mpangilio maalumu waliacha pombe kabisa wengi zaidi kuliko waliopewa tiba nyingine zilizozoeleka.

Wake, waume na mama wa wanywaji, ninyi mna vikundi vyenu, Al-Anon, tangu 1951. Hata kama yeye hajaacha, wewe nenda.

Nikimaliza nitakaa pale chini ya mwembe na chupa yangu ya chai ya tangawizi mpaka magharibi. Alhamisi naenda mkutanoni. Anayetaka twende wote aniambie kituo chake, nitashuka nimsubiri. Asiyetaka kuonekana akizungumza nami leo aje kesho asubuhi kwenye banda langu, aagize uji, aseme ametumwa na muuguzi. Nitaelewa.