Bendi 5 na bendi 6: nani anapeleka nyingi nyumbani?

Haya wana Dodoma, mambo vipi! Kuna dada muuguzi wa hapo mjini kaniandikia: "Kaka, nasikia huko ukipanda bendi 6 umetoboa." Dada yangu, chukua kalamu.

Huku England, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inatulipa kwa bendi, yaani ngazi za mshahara, tangu 2004. Ukishasajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huku, unaanzia bendi 5. Kwa viwango vya 2025/26 ni pauni 31,049 kwa mwaka, na ukitimiza miaka minne unafika mwisho wake, 37,796. (Najua mshaanza kuzidisha kwa shilingi. Acheni, kodi ya nyumba nalipa kwa pauni!)

Bendi 6, kwa viwango hivyohivyo, inaanza na 38,682. Haya, toa ile 37,796. Pauni 886 kwa mwaka! Gawa kwa 12 unapata kama 74, na makato bado. Ikipita kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi haifiki hata 50 kwa mwezi.

Sasa kazi yenyewe. Bendi 5 una wagonjwa wako: dawa, dripu, vidonda, kuandika mafaili. Bendi 6 wodini mara nyingi unashika zamu nzima. Funguo za kabati la dawa kali ziko kwako, simu ya kuulizia vitanda haikomi kulia, mwenzako kapiga kasema anaumwa, ndugu wa mgonjwa kakusimamia mlangoni kafura. Na wagonjwa wako wapo palepale wanakusubiri.

Halafu hupandi kwa kungoja barua ya daraja kama huko kwetu. Nafasi inatangazwa, unaomba, unakaa usaili na wenzako.

Kinachowapita wengi ni zamu. Usiku na Jumamosi unaongezewa asilimia 30, Jumapili na sikukuu 60. Bendi 6 za kliniki nyingi ni mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hiyo bendi 5 wa siku nyingi anayekesha na kushika Jumapili anaweza kumpita huyo wa kliniki.

Mimi naona hivi: kama bado uko mwanzoni mwa bendi 5, rukia bendi 6, maana hapo unaongeza zaidi ya 7,600, na bendi 6 baada ya miaka mitano inafika 46,580. Kama umeshafika mwisho wa bendi 5, tangazo likitoka soma kwanza zamu zake, halafu uulize usiku wodi ina wauguzi wangapi.