Kruzi Kontroli: Swichi Isiyoiona Barabara

NEEMA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Neema, niko hapa Arusha na mwenzangu, kaka Lema. Leo tunazungumzia kruzi kontroli, ile swichi ya kwenye usukani ambayo magari mengi tunayoagiza kutoka Japani huja nayo, na ambayo madereva wengi huibonyeza bila kuelezwa na mtu yeyote inavyofanya kazi.

LEMA: Asante, dada Neema. Kazi yake ni moja tu. Dereva akishafikia mwendo anaoutaka, tuseme kilomita 80 kwa saa, anabonyeza kitufe, kisha mtambo unaongeza au kupunguza mafuta wenyewe ili mwendo ubaki palepale. Akikanyaga breki, unajitoa. Aliyeubuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, ambaye alipata hataza yake mwaka 1950, na magari yenye mtambo huo yakaanza kuuzwa mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na kupanda gari la mwanasheria wake, ambaye kila alipozungumza gari lilipunguza mwendo na kila aliponyamaza liliongeza. Teetor alitaka mwendo usiyumbe, na akafanikiwa. Kuona tuta au bodaboda inayokatiza ghafla hakumo kabisa katika kazi hiyo.

NEEMA: Basi kati ya Arusha na Moshi pana mahali pa kuiwasha?

LEMA: Kwa maoni yangu, hapana. Ile njia nne ya Sakina hadi Tengeru inashawishi, lakini watembea kwa miguu wanaivuka kutwa nzima, na ukiendelea unakutana na Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, kote huko kukiwa na daladala zinazosimama na alama za kilomita 50. Anayetaka kuitumia asubiri avuke Himo kuelekea Same, ambako barabara inanyooka kando ya milima ya Pare. Na hata huko, akiona mifugo mbele, aitoe mapema.

NEEMA: Mimi kinachonitia hofu zaidi ni kitufe kilichoandikwa RES. Mtu alikuwa kwenye 100, akagusa breki kuingia kijijini, sasa anakwenda 50. Akikibonyeza kabla hajamaliza nyumba za watu, gari linakumbuka ile 100 na kuanza kuitafuta lenyewe, huku mguu wake haujagusa mafuta. Mtoto aliyepima mwendo wa gari hilo kwa macho kabla ya kuvuka atakuwa amepima mwendo ambao haupo tena.

LEMA: Ndiyo maana nasisitiza kwamba ndani ya makazi swichi kuu izimwe kabisa, kwa sababu ikizimwa, katika magari mengi kumbukumbu ile hufutika.

NEEMA: Na masika je?

LEMA: Mvua ikianza kunyesha, izimwe. Barabara ikijaa maji tairi linaweza kuelea juu yake na kukosa mshiko, hasa likiwa kipara. Dereva anayeendesha kwa mguu wake hupunguza mafuta mara anapohisi usukani umekuwa mwepesi. Lakini kruzi inaendelea kupeleka mafuta, na namna ambayo wengi wataikimbilia kuitoa ni kukanyaga breki, jambo linaloweza kulifanya gari liserereke palepale.

NEEMA: Kwenye mteremko, kwa mfano kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu?

LEMA: Kruzi ya kawaida inatawala mafuta, haitawali breki, kwa hiyo gari linaweza kupita mwendo uliowekwa. Pale utumie gia ndogo. Magari mapya yana kruzi yenye rada inayolinda umbali na gari lililo mbele, ila yapo mazingira ambamo haitambui lori lililoharibika na kusimama barabarani, kwa hiyo macho hayapumziki, wala mguu haukunjwi chini ya kiti. Ukae karibu na breki.

NEEMA: Na aliyenunua gari jana?

LEMA: Atafute barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na magari, aiweke kwenye mwendo wa wastani, kisha aitoe kwa breki na baadaye kwa kitufe cha CANCEL. Njia mojawapo ikikataa, asiitumie mpaka fundi wa umeme wa magari aikague, akianza na swichi ya breki.