Ulinzi wa Mbingu: Kwa Nini Majini Hawaijui Ghaibu

Bi. Rukia: Assalaamu alaykum, wasikilizaji wetu. Ustadhi Hamadi, kuna swali ambalo halitukauki: mtu huenda kwa mpiga ramli, akatajiwa jina la marehemu bibi yake na mahali kilipodondoka kidani chake, kisha akatoka akiamini kwamba majini wanaijua ghaibu, yaani mambo yaliyofichika. Tunaanzia wapi?

Ustadhi Hamadi: Waalaykumu salaam, Bi. Rukia. Tuanzie kwenye hicho kidani. Jini aliyekuwapo kidani kilipodondoka amekiona kama ambavyo angekiona jirani aliyekuwa dirishani, na kulisema lililokwisha kutokea si kuijua ghaibu. Mwishoni mwa Suratul Jinn, aya ya 26 hadi ya 28, tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu hamdhihirishii yeyote ghaibu yake isipokuwa Mtume aliyemridhia, naye humwekea walinzi mbele yake na nyuma yake. Huo ndio ulinzi wa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa Mtume.

Bi. Rukia: Na katika sura hiyo hiyo majini wenyewe wanakiri.

Ustadhi Hamadi: Wanakiri waziwazi! Wanasema kwamba waliigusa mbingu wakaikuta imejaa walinzi wakali na vimondo, na kwamba zamani walikuwa wakikaa huko kusikiliza, lakini sasa anayejaribu hukuta kimondo kinamvizia. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba, baada ya kuzuiliwa habari za mbinguni, walitawanyika mashariki na magharibi kutafuta sababu. Kundi lililoelekea upande wa Tihama, nyanda za pwani ya Arabuni, lilimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwasalisha masahaba wake sala ya alfajiri huko Nakhla, akiwa safarini kuelekea soko la Ukadh. Walipoisikia Qur'ani walitambua kwamba hiyo ndiyo iliyowazuia, wakaamini.

Bi. Rukia: Hapo nina swali. Waarabu wa Jahiliya, yaani wa kabla ya Uislamu, nao waliviona vimondo; basi vipi viwe ulinzi uliokuja na Mtume? Katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi, imo hadithi ya usiku mmoja nyota ilipoanguka, Mtume akawauliza masahaba walikuwa wakisemaje zamani, nao wakajibu kwamba walisema amezaliwa au amekufa mtu mkubwa.

Ustadhi Hamadi: Naye akawaambia kwamba nyota hairushwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Hilo swali lako aliulizwa az-Zuhri, mwanachuoni wa hadithi, akajibu kwamba vilikuwa vikirushwa tangu zamani, ila jambo hilo lilitiliwa mkazo Mtume alipotumwa. Jibu hilo linaniridhisha, kwa sababu aya inasema mbingu "imejaa" walinzi, wala haisemi kwamba hapo kabla haikuwa na mlinzi hata mmoja.

Bi. Rukia: Basi, kama mlango umefungwa, mbona makuhani, yaani waaguzi wa zamani, walipatia mara moja moja?

Ustadhi Hamadi: Bibi Aisha, mke wa Mtume, amepokea jibu katika mikusanyo ya hadithi ya Bukhari na Muslim. Mtume aliulizwa juu ya makuhani akasema kwamba wao si chochote. Walipomwambia kwamba wakati mwingine husema jambo likawa kweli, alieleza kwamba hilo ni neno la haki alilolinyakua jini, akalitia katika sikio la rafiki yake, nao wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Suratus Saffat nayo, aya ya 10, inamtaja mnyakuzi ambaye hufuatwa na kimondo king'aacho. Kwa hiyo kunyakua kipande cha maneno kumetajwa, lakini kuigusa Qur'ani hakumo kabisa. Suratush Shuaraa, aya ya 210 hadi ya 212, inasema mashetani hawakuiteremsha, haiwastahili, hawawezi, na wametengwa na kusikia.

Bi. Rukia: Watu wa kwetu hulisikia hilo, ila jioni bado humtuma mtoto kwa mpiga ramli.

Ustadhi Hamadi: Na wasome Suratu Saba, aya ya 14. Nabii Sulaymani alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu aliyowapa, wakidhani yu hai, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo hiyo, na Sulaymani akaanguka. Mauti yalikuwa mbele ya macho yao, nao hawakuyajua.