Kiunzi cha Kolajeni: Kiwe Imara bila Kukakamaa

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliokuja jioni hii, karibuni.

Karibu theluthi moja ya protini zote mwilini mwetu ni kolajeni. Imo kwenye ngozi, kano, mifupa na gegedu. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa kama kamba, yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu. Tukilowesha kano au ngozi ya ng'ombe katika asidi ya siki, sehemu ya kolajeni inayeyuka. Tunaigandisha, kisha tunaikausha kwenye ombwe ili barafu iwe mvuke bila kupitia maji. Inabaki sponji nyeupe yenye matundu madogo, ambamo seli huingia na kujenga tishu mpya. Hicho ndicho kiunzi.

Ila sponji hiyo ni dhaifu. Mwilini, kimeng'enya maalumu hufunga molekuli za kolajeni moja kwa nyingine; hizi tulizoyeyusha hazina vifungo vya kutosha. Wapo wanaoniuliza, kwa sababu za dini, kama hatuwezi kutumia samaki. Tunaweza, na ngozi za sangara zimejaa viwandani kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini mwaka 2004 John Muyonga wa Makerere na wenzake walichapisha vipimo vyao: kolajeni ya ngozi ya sangara husokotoka kwenye nyuzijoto takribani 36. Mwili wa binadamu una 37. Kwa hiyo bila kuifunga kikemia, kiunzi cha sangara kitalegea ndani ya mgonjwa.

Tuifunge kwa kitu gani, basi? Glutaraldehaidi, kemikali ya kufungia, hushika amino (makundi yenye nitrojeni) za laisini, mojawapo ya matofali yanayojenga kolajeni, na hushika barabara. Alain Carpentier wa Ufaransa aliitumia kwenye vali za moyo za nguruwe miaka ya 1960, na vali hizo zimeokoa watu wengi. Vali haihitaji seli ziingie ndani yake. Kiunzi kinahitaji. Mabaki ya glutaraldehaidi huua seli, tishu hukakamaa, na baada ya muda chokaa hujijenga humo. Mimi nisingeichagua kwa kiunzi cha kujaza tishu laini.

Kabodiimidi, kemikali nyingine ya kufungia, ni safi zaidi. Huunganisha kaboksili (kundi la asidi) ya asidi ya glutamiki au aspatiki, ambazo nazo ni matofali ya kolajeni, na amino ya laisini, kisha yenyewe huondoka kama aina ya urea inayosuuzika kwa maji. Haiachi kitu katikati, na hapo ndipo penye shida mbili. Ya kwanza, makundi hayo mawili lazima yawe karibu sana, hivyo kifungo ni kifupi na hakinyumbuliki. Ya pili ni nzito zaidi: seli hushikilia kolajeni kupitia glutamiki hizohizo. Ukizidisha dozi unapata kiunzi imara ambacho seli hazina pa kukishika. Ninawasihi mnaoanza utafiti, msifurahie uimara kabla hamjaziuliza seli.

Njia ninayoipenda ni kuweka mkono mrefu kati ya molekuli. Polietilini glaikoli yenye ncha tendaji pande zote mbili hufanya hivyo. Mnyororo wake laini hujikunja na kujinyoosha kiunzi kinapovutwa. Au tunabandika methakrileti kwenye laisini, tunaongeza kichochezi cha mwanga, kisha tunamulika ili methakrileti hizo zifungane. Kwa kupunguza laisini zilizobandikwa au muda wa mwanga, tunachagua ulaini tunaoutaka.

Na ulaini si jambo la starehe. Mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher, huko Pennsylvania, waliweka seli shina za uboho juu ya jeli zilizopakwa kolajeni. Kwenye jeli laini ya kilopaskali (kipimo cha ugumu) 1 hivi, seli zilielekea kuwa za neva. Kwenye 10 hivi, za misuli. Kwenye jeli ngumu zaidi, za mfupa. Kwa hiyo anayechagua kifungo anachagua pia tishu itakayoota.

Haya yamekwisha kufika wodini. Ioannis Yannas na John Burke, Boston, walichanganya kolajeni na kondroitini salfeti, sukari ya mnyororo mrefu iliyomo kwenye gegedu, wakaifunika kwa silikoni, na mwaka 1981 wakachapisha matokeo ya wagonjwa walioungua vibaya. Marekani iliidhinisha bidhaa hiyo mwaka 1996. Watoto wetu wanaomwagikiwa na uji au chai ya moto wanastahili kitu cha namna hiyo, kwa bei ambayo hospitali ya mkoa inaimudu.

Mnaokwenda maabara kesho: hesabuni kwanza amino zilizobaki huru, ndipo mjue mmefunga kiasi gani. Kisha vuteni kiunzi kikiwa kimelowa, kwenye nyuzijoto 37, mara nyingi mfululizo. Kipimo cha sponji kavu hakitawaambia lolote kuhusu ngozi ya kiwiko. Karibuni kwa maswali.