Mwanjelwa hadi Guangzhou: Masaa Yanahesabiwaje?

ATUPELE: Karibuni tena. Leo tunawajibu wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaofuata mzigo China: kutoka hapa Mbeya mpaka Guangzhou ni mbali kiasi gani, na ndege inatumia masaa mangapi? Kaka Ambakisye, naona umeshapiga hesabu.

AMBAKISYE: Nimepiga, dada. Kutoka Songwe, uwanja wetu wa ndege hapa Mbeya, hadi Dar kwa anga ni kama kilomita 690. Dar hadi Guangzhou ni kama 8,700.

ATUPELE: Kwa barabara Mbeya–Dar inapita 800.

AMBAKISYE: Inapita, maana barabara inafuata milima. Makambako, Iringa, uteremke Kitonga, ukatize Mikumi. Basi linakula masaa 12 na zaidi. Ndege ya moja kwa moja Dar–Guangzhou ni takriban masaa 11! Wakiondoka dakika ileile, wa ndege atatua China wa basi akiwa bado njiani.

ATUPELE: Hapo ndipo msafiri wa kwetu asipopewa hesabu kamili. Anaambiwa masaa 11, wakati safari yake inaanzia Mbeya.

AMBAKISYE: Na hata hayo 11, ukigawa 8,700 kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 900 kwa saa, unapata chini ya 10. Linaloongezeka ni kupaa, kushuka, kusubiri zamu ya kutua, na njia za anga ambazo hazijanyooka kama rula. Kurudi ni zaidi tena. Kule kaskazini, hasa Desemba hadi Februari, upepo mkali wa juu unavuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukija huku unakupinga.

ATUPELE: Mimi kinachoniuma ni tiketi mbili. Mtu ananunua ya Songwe–Dar peke yake, ya China peke yake, kaacha masaa mawili katikati. Ukungu ukishika Songwe asubuhi, ndege ya kwanza inachelewa, ya pili inaondoka bila yeye, na kwa kawaida hasara ni yake. Jamani, kateni tiketi moja ya safari nzima. Ikishindikana, fikeni Dar siku moja kabla.

AMBAKISYE: Hilo nakuunga mkono kabisa, mtaji wa mtu si wa kuchezea. Halafu kuna saa za kwenye tiketi: kila mji unaandikiwa saa zake, na Guangzhou wako mbele yetu kwa masaa matano. Tuseme umeondoka Dar saa 4 usiku. Baada ya masaa 11, Dar ni saa 3 asubuhi, lakini kule ni saa 8 mchana.

ATUPELE: Na kurudi?

AMBAKISYE: Ukiondoka kule saa 10 jioni, ukaruka masaa 11 na nusu, Dar unaingia saa 4 na nusu usiku. Tiketi itaonekana kama safari ya masaa sita na nusu tu.

ATUPELE: Kwa hiyo anayekuja kukupokea mpe saa ya Dar iliyoandikwa pale, asianze kujumlisha.