Mwanga Kwanza, Brashi Baadaye

Walimu wenzangu na wapenzi wa rangi, nashukuru kuwaona.

Mtu anayekuja likizo ya uchoraji amekuja kupumzika, lakini ana kiu ya kujifunza. Ukimgeuzia likizo kuwa mtihani, humwoni tena. Ukimwacha ajipakie rangi ovyo, nako umemdhulumu. Mimi nashikilia kwamba tumfundishe kuusoma mwanga kabla hajashika brashi.

Nje, mwanga haumsubiri mtu. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kivuli ulichokiona saa tatu asubuhi, saa tano kimeshahama. Mgeni wa kazi hii hukimbizana nacho. Anafuta, anachora upya, na mwisho picha yake ina majua mawili: mti umetupa kivuli kushoto, nyumba kulia. Mwambieni aweke alama za vivuli vyote katika dakika kumi za mwanzo, kwa rangi nyepesi, kisha asiviguse tena hata vikihama. Saa mbili zikipita, aache. Kesho arudi saa ile ile.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alifanya hivyo hivyo Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893. Alichora uso wa kanisa kuu katika turubai zaidi ya 30, na mwanga ukibadilika alibadilisha turubai. Ndiyo maana nasisitiza ubao mdogo, wa sentimita 20 kwa 25 hivi. Ubao mkubwa humlemea mwanafunzi, jua likamwacha njiani.

Kukaa kwenyewe kuna ujuzi wake. Karatasi ikipigwa na jua, inang'aa mno, nawe bila kujua unachanganya rangi nzito kuliko inavyofaa. Ukiingia ndani, picha imekuwa na giza mno. Karatasi na rangi zote zikae kivulini.

Hebu sasa fumbeni macho nusu, mtazame dirisha lile. Mmeona? Fremu zimepotea, yamebaki madoa ya mwanga na giza. Hayo madoa ndiyo ya kuchora kwanza. Majani na vigae vitafuata.



La mwisho, nawaomba kwa moyo wote: msiguse picha ya mwanafunzi. Brashi yako ikipita hapo, picha si yake tena, na raha yake imeisha. Chukua kipande cha karatasi, muoneshe pembeni. Jioni zipangeni picha zote chini, kila mmoja aseme aliona nini, siyo nani amechora vizuri. Na kama kuna aliyekaa asubuhi nzima akitazama tu bila kuchora, mwacheni. Naye amefanya kazi.

Karibuni kwa maswali.