Jinsi ya Kupanga Mkakati wa Kuleta Wageni Kwenye Tovuti Yako: Mfano wa Karakana ya Keko

Habari za wakati huu, na karibu sana. Leo tunakaa chini kupanga, hatua kwa hatua, namna ya kuleta wageni kwenye tovuti ya biashara yako. Chukua daftari na kalamu. Kompyuta ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo simu yako inatosha.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ili tusipotezane: karakana ya samani pale Keko. Kama umewahi kupita Keko unaijua hali yake, vitanda vimepangwa kando ya barabara, sofa zinashonwa nje, mashine za kuranda zinalia tangu asubuhi. Tuseme fundi wetu ana kazi nzuri. Mwaka jana alitengenezewa tovuti, ina picha, ina namba ya simu, lakini haingii mtu. Nimeliona hili mara nyingi hapa Dar es Salaam na linaniuma, maana fedha ya watu imeshatoka. Tovuti imejengwa, ila hakuna aliyekaa kupanga mteja atafikaje hapo.

Hatua ya kwanza ni hesabu, na hesabu hii inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Usiandike "nataka wageni wengi". Andika unataka kuuza nini zaidi. Tuseme fundi anataka oda 8 zaidi kwa mwezi. Katika wanaopiga simu au kutuma meseji, wangapi hununua? Tuseme mmoja katika kila wanne. Basi anahitaji watu 32 wawasiliane naye. Na katika kila watu 100 wanaofungua tovuti, tuseme wanne ndio huwasiliana. Kwa hiyo anahitaji wageni 800 kwa mwezi, kama 27 kwa siku. Hizi ni namba za mfano. Za kwako utazijua ukishahesabu miezi miwili mitatu. Lakini wageni 27 kwa siku ni jambo la kupangia. Tena ona kitu kingine: kurasa zikiwa nzuri kiasi kwamba wanawasiliana wanane badala ya wanne, wageni 400 tu wanatosha kuleta oda zilezile.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanayoiruka. Fungua WhatsApp ya biashara. Rudi nyuma miezi mitatu, soma meseji za wateja, na kila swali liandike daftarini kwa maneno yaleyale ya mteja. Usiyanyooshe. "Kitanda 6 kwa 6 cha mninga bei gani?" "Mnafikisha Mbagala?" "Hiyo mbao hailiwi na wadudu?" "Naweza kulipa kidogo kidogo?" "Nikikutumia picha utanitengenezea kama hiyohiyo?" Swali likijirudia, liwekee kijistari pembeni. Ukishapitia mazungumzo 100 hivi, mara nyingi utakuta maswali matano au sita ndiyo yamebeba karibu yote.

Mkakati wako umelala humo. Huyo aliyekuuliza WhatsApp ana wenzake wanaouliza swali hilohilo kwenye Google, na hao hawana namba yako. Sasa tuhakikishe. Fungua Google katika dirisha la faragha (incognito) ili historia yako isiingilie matokeo. Andika "kitanda cha mninga" na usibonyeze kutafuta. Tulia. Tazama maneno yanayojitokeza chini yake. Google huyatoa kutokana na yale ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta. Yaandike. Rudia na "kabati la nguo", kisha jaribu kwa Kiingereza, kwa sababu mteja wa Masaki na mteja wa Gongo la Mboto wanaweza kukiita kitu kimoja kwa majina mawili. Google Trends nayo ni ya bure, chagua Tanzania na ulinganishe maneno. Neno likiwa na watafutaji wachache hutaonyeshwa kitu, na hilo lisikuvunje moyo. Daftari lako la WhatsApp ndilo lenye uzito.

Hatua ya tatu: kila swali kubwa lipate ukurasa wake, wenye kichwa kinachofanana na swali lenyewe. Kwa mfano, "Bei ya kitanda cha mninga 6 kwa 6 Dar es Salaam". Kichwa kama "Ubora na umaridadi nyumbani kwako" hakuna anayekitafuta.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Andika bei. Najua mazoea yetu: picha nzuri, halafu chini yake "bei njoo DM". Sababu zake nazielewa. Mbao hupanda bei, mshindani ataona, mteja ataogopa kabla hujamweleza. Lakini mfikirie mama aliyesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika simu. Amefungua kurasa tatu. Mbili zimemwambia awasiliane, moja imemtajia bei na siku za kusubiri. Hiyo moja ndiyo ataihifadhi. Mshindani akiitaka bei yako, atapiga simu kama mteja na ataipata, kwa hiyo unayemficha ni mnunuzi peke yake. Kama bei hubadilika, andika "kuanzia", weka tarehe uliyoihakiki, na ueleze kinachoipandisha: aina ya mbao, idadi ya droo, kichwa cha kitanda kilichoshonewa sponji. Mteja akielewa bei imetoka wapi, hata kubargeni kwake kunakuwa kwa heshima.

Kwenye ukurasa huohuo weka vipimo, siku za kutengeneza, malipo ya awali ni kiasi gani, na nauli ya kirikuu hadi Mbezi, Chamazi na Kigamboni. Lile swali la wadudu lijibu hapohapo: mbao umeikausha vipi, umeipaka dawa gani, na ikipata shida utafanya nini. Picha ziwe za kazi yako, hata kama nyuma inaonekana karakana. Ila zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 4. Kumi kama hizo ni MB 40, na mteja anatumia bando lake. Zifikishe chini ya KB 200 kila moja. Kisha ingiza anwani ya ukurasa kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya ukurasa, usome majibu upande wa simu. Mwisho weka kitufe cha WhatsApp. Linki yake huandikwa wa.me, mkwaju (/), halafu namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi husahau kuiondoa hiyo sifuri na kitufe hakifanyi kazi, kwa hiyo kijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Hatua ya nne ni ramani. Fungua Google Business Profile, wasifu unaoiweka biashara yako kwenye ramani ya Google, ni bure. Weka jina kama lilivyo kwenye kibao cha karakana, chagua aina ya biashara, saa za kazi, na kipini, ile alama ya mahali ulipo, kikae penyewe hasa. Google huthibitisha umiliki, mara nyingi kwa kukutaka urekodi video inayoonyesha mtaa, kibao na kazi ikiendelea ndani, kwa hiyo kibao kiwepo kwanza. Kwa mji wetu, ambao tunaelekezana kwa "ukifika kwenye mwembe kata kushoto", kipini sahihi ni huduma kwa mteja. Kila unapomfikishia mtu mzigo na ameridhika, mwombe aandike maoni palepale. Yajibu yote, hata la malalamiko, tena hilo lijibu mapema na kwa upole.

Hatua ya tano: chagua njia mbili za kupeleka watu kwenye kurasa hizo. Mbili tu. Fundi mwenye mafundi watatu hawezi kulisha Instagram, TikTok, Facebook na YouTube kwa pamoja bila kuacha randa. Kwa samani mimi ningechagua WhatsApp na Instagram. Kwenye Instagram kumbuka linki uliyoandika chini ya posti haibonyezeki. Iweke kwenye wasifu wako, au tumia stika ya linki kwenye stori. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) hubeba hadi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akiondoka karakanani, mwombe aihifadhi. Namba za watu usizinunue kwa mtu yeyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mteja akisema usimtumie tena matangazo, mwondoe siku hiyohiyo.

Matangazo ya kulipia yaje baada ya hayo yote, siyo kabla. Niliwahi kulipia tangazo la biashara niliyokuwa naisimamia, nikalielekeza kwenye ukurasa wa mwanzo. Watu walibonyeza, fedha ikaisha ndani ya siku nne, simu haikuita. Nilipokwenda kutazama, tangazo lilikuwa na kabati la milango mitatu, na aliyebonyeza alikuwa anakutana na sofa. Nilimrudia mwenye biashara nikamweleza, na ilikuwa siku ngumu kwangu. Kwa hiyo tangazo la kabati liende kwenye ukurasa wa kabati. Anza na kiasi ambacho kikipotea hakigusi mishahara, na weka mipaka ya eneo unalofikisha mzigo.

Hatua ya sita, kupima. Sajili tovuti kwenye Google Search Console siku ya kwanza, kwa sababu haianzi kukusanya taarifa kikamilifu mpaka uiunganishe. Fungua sehemu ya matokeo ya utafutaji: utaona maneno watu waliyoandika, mara ngapi umeonekana, wangapi wamebonyeza, na nafasi yako kwa wastani. Ukurasa ulioonekana mara nyingi na kubonyezwa kidogo, andika upya kichwa chake. Neno lililokuweka nafasi ya 11 hadi 20 lina matumaini, ongeza maelezo yanayolijibu. Linki unazoweka Instagram ziongezee mwishoni alama ya kuuliza na utm_source=instagram, ili Google Analytics, chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, itenganishe waliotokea huko. Halafu kuna kipimo cha zamani ambacho sitaki ukiache: kila anayepiga simu muulize, "Umetuonea wapi?" Andika jibu kabla hujasahau.

Sasa tupange kalenda ya wiki 12. Wiki mbili za mwanzo ni za daftari na hesabu. Kuanzia ya tatu hadi ya nane, ukurasa mmoja kila wiki, na ramani iwe imekamilika katikati yake. Kuanzia ya tisa, njia zako mbili zifanye kazi, na tangazo dogo kama fedha ipo. Zingatia majira. Januari wazazi wako kwenye ada na sare. Masika ya Machi hadi Mei, kirikuu kukwama njiani ni jambo la kawaida, kwa hiyo andika wazi siku za ziada za kufikisha mzigo. Na ukurasa mpya huchukua wiki, pengine miezi, kupanda kwenye Google. Unaoutegemea Desemba uwe hewani mwezi wa tisa.

Wiki ya 12 kaa na daftari, Search Console na majibu ya "umetuonea wapi", ulinganishe na zile namba 800, 32 na 8. Njia ambayo haijaleta hata simu moja, isimamishe. Muda wake uupeleke kwenye swali la saba la daftari lako, uliandikie ukurasa.